Obadia, Nahumu, Moabu au Amosi: Tusome Unabii Upi Juu ya Majirani?

Kikundi chetu cha kujifunza Biblia hukutana Alhamisi jioni, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Nilipotamka kwamba safari hii tusome unabii juu ya mataifa jirani na Israeli, mama mwenye nyumba aliweka birika chini akauliza, "Upi? Maana upo mwingi, na wote ni moto tu."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Isaya anao kuanzia sura ya 13 hadi ya 23. Yeremia anao sura ya 46 hadi 51, Ezekieli 25 hadi 32. Amosi anaanza nao, Sefania ana sura ya 2. Obadia na Nahumu ndio hawana kingine kabisa. Ukisema msome wote kwa wiki nne, watu watakukimbia kabla hamjavuka Moabu.

Mimi nimesoma minne kati yake na watu, kwa nyakati mbalimbali, na mahali pengine niliharibu kwa kuchagua vibaya. Kwa hiyo hapa nauweka ubavu kwa ubavu kwa ajili ya mwenye kikundi, mwalimu wa vijana, au mtu anayetaka tu kusoma peke yake usiku akiwa na kikombe cha chai.

Ninavyouona, kila unabii wa aina hii humkalisha msomaji kwenye kiti tofauti. Obadia anakuketisha karibu na mtu aliyeumizwa na ndugu yake wa tumbo moja. Nahumu anakuketisha na watu waliokanyagwa na dola kubwa kwa miaka na miaka, na sasa wamesikia inaanguka. Unabii juu ya Moabu (Isaya 15 na 16, pamoja na Yeremia 48 inayourudia na kuurefusha) unakuketisha msibani, tena kwenye msiba wa jirani usiyempenda. Amosi yeye anakupa kiti cha hakimu, unajinyoosha vizuri, kisha anakivuta ukiwa bado umekalia.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kitabu kipi ni kifupi au kipi ni rahisi, angalia watu wako watakalia kiti gani, na kama mwezi huu wanaweza kukikalia.

Mashtaka yenyewe

Anza na swali la kawaida kabisa: jirani amefanya nini?

Kwa Obadia jibu liko wazi kuliko kwingine kote. Kitabu kina mistari 21, ndicho kifupi kuliko vyote katika Agano la Kale, na mashtaka yote yamebanwa kwenye mistari mitano, wa 10 hadi wa 14. Edomu ni wazawa wa Esau, pacha wa Yakobo. Waliishi kwenye milima ya Seiri, kusini-mashariki mwa Bahari ya Chumvi, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo iko Jordan. Wataalamu wengi husoma mistari hii kama kumbukumbu ya siku Yerusalemu ilipoanguka mikononi mwa Wababeli, mwaka 587 au 586 KK.

Tazama jinsi kosa linavyopanda ngazi. Kwanza Edomu anasimama kando. Kisha anatazama. Kisha anafurahi, anafungua kinywa kwa majigambo. Halafu anaingia langoni, anatia mkono kwenye mali. Mwishoni anasimama njia panda kuwakata waliokuwa wanakimbia, na waliosalia anawakabidhi kwa adui. Nabii hasemi popote kwamba Edomu alivunja ukuta au alichoma hekalu. Hiyo ilikuwa kazi ya Babeli. Edomu alianza kwa kutazama tu.

Katika Kiebrania mistari ya 12 hadi 14 imejengwa kwa makatazo manane, usi hili, usi lile, kana kwamba jambo bado linatendeka mbele ya macho ya nabii na anajaribu kumshika mtu mkono. Na neno "siku" linagonga mara kumi kuanzia mstari wa 11: siku ya ndugu yako, siku ya maafa yake, siku ya dhiki. Ukisoma kwa sauti, hata kwa Kiswahili, unasikia kama mtu anayepiga ngumi mezani. Msomaji wa Kigali, wa Bujumbura au wa Eldoret hahitaji kufafanuliwa njia panda ile ilikuwa na maana gani kwa mtu mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni.

Mashtaka dhidi ya Moabu ni tofauti kabisa. Isaya anataja kiburi (16:6), Yeremia anakirudia karibu neno kwa neno (48:29) na kuongeza kwamba Moabu aliicheka Israeli. Basi, karibu ni hilo tu. Mistari mingi iliyobaki ni ya watu wanaokimbia, mashamba ya mizabibu ya Sibma yaliyokatika, vichwa vilivyonyolewa kwa msiba, vilio kutoka mji hadi mji. Ukitafuta orodha ya makosa kama ya Obadia utatoka mikono mitupu.

Nahumu anautuhumu Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, kwa damu, uongo na unyang'anyi usiokoma. Kwa haki Ashuru si jirani. Ni dola iliyotoka mbali, kwenye mto Tigri, ng'ambo ya ulipo mji wa Mosul huko Iraki. Lakini ilishafika mpaka mlangoni. Mwaka 701 KK Senakeribu aliuteka mji wa Lakishi katika Yuda, akapamba kuta za jumba lake la Ninawi kwa michongo ya tukio lile. Michongo hiyo sasa iko British Museum, London: watu waliotundikwa kwenye miti iliyochongoka, watu wanaochunwa ngozi, familia inatoka na mizigo yake kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mtu aliyeona hiyo, hata kwenye simu, hawezi tena kuuliza kwa nini Nahumu amekasirika hivyo.

Amosi ndiye mwenye jicho pana. Alitoka Tekoa, akanena katika karne ya 8 KK, wakati Uzia akitawala Yuda na Yeroboamu wa pili akitawala Israeli. Anaita mataifa kwa zamu, kila moja kwa fomula ileile ya makosa matatu naam manne: Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu. Makosa yake ni yale ambayo leo tungeyaita jinai za kivita. Dameski ilipura Gileadi kwa vyombo vya chuma. Gaza iliuza watu wa mji mzima utumwani. Amoni walipasua wanawake wajawazito ili kupanua mpaka tu.

Na Moabu? Hapa ndipo ninapopenda kusimama. Kosa la Moabu katika Amosi 2:1 ni kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu ikawa chokaa. Edomu! Israeli haihusiki hata kidogo. Mpagani amemtendea mpagani mwenzake unyama, tena maiti, na Mungu wa Israeli anasema hilo nalo nimeliandika. Aliyezoea kufikiri kwamba Mungu wa manabii ni wa kabila moja tu, mpe mstari huu peke yake wiki nzima.

Machozi ya nabii

Ukiweka Nahumu na Isaya 15 na 16 kwenye meza moja, tofauti inatoka kwenye sauti zaidi ya hoja.

Nahumu anashangilia, hilo halifichiki. Anasikiliza mlio wa magurudumu, anaona panga zinametameta, maiti hazihesabiki. Anaiuliza Ninawi kama ni bora kuliko No-Amoni, yaani Thebe ya Misri, ambayo Waashuri wenyewe waliiteka mwaka 663 KK. Anamalizia kwa kusema kila atakayesikia habari yako atapiga makofi, kwa maana ni nani ambaye hakupatwa na ukatili wako? Kitabu kinakoma hapo, kwenye alama ya kuuliza. Kati ya wale manabii wadogo kumi na wawili, ni viwili tu vinavyokoma kwa swali, hiki na Yona, na vyote viwili vinahusu Ninawi. Yona anaulizwa kama haifai kuuhurumia mji wenye watu zaidi ya 120,000 na wanyama wengi. Mwalimu akitaka kusoma Nahumu bila Yona pembeni, mimi namwambia asubiri.

Isaya juu ya Moabu ni kitu kingine. Katika 15:5 moyo wake unamlilia Moabu. Katika 16:9 analia pamoja na Yaezeri kwa ajili ya mizabibu ya Sibma, anaimwagia Heshboni machozi yake. Katika 16:11 matumbo yake yanavuma kama kinubi kwa ajili ya Moabu. Yeremia anaichukua picha hiyo na kubadili chombo, kwake moyo unalia kama filimbi (48:36). Wapo wafafanuzi wanaosema machozi haya ni kejeli, kwamba nabii anamwigiza mliaji ili kumcheka. Mimi sikubaliani. Mtu anayekejeli hataji vijiji kimoja kimoja, Diboni, Nebo, Medeba, Luhithi, Horonaimu, kama anayefuata barabara ya wakimbizi kwa kidole kwenye ramani.

Halafu kuna 16:3 na 4. Hapo sauti inaomba: tandaza kivuli chako kama usiku wakati wa adhuhuri, wafiche waliofukuzwa, usimfichue anayekimbia. Wafafanuzi wengi wanawasikia hapo wakimbizi wa Moabu wakibisha hodi Yuda. Sasa rudi Obadia mstari wa 14. Edomu anahukumiwa kwa kuwakabidhi waliokimbia, na Yuda hapa inaombwa isimkabidhi aliyekimbia. Kosa la mmoja ndilo ombi la mwingine. Kwenye kikundi chetu yupo baba aliyekulia kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Mstari huu aliusoma mara mbili bila kuambiwa, akafunga Biblia akiwa ameacha kidole ndani, akasema, "Hapa tusipite haraka." Dakika arobaini ziliisha palepale.

Obadia hana machozi, wala hana makofi ya Nahumu. Ana ubaridi wa ndugu aliyevunjika moyo. Neno "ndugu yako" analitumia mara mbili, mstari wa 10 na wa 12, na linauma zaidi ya matusi. Ikumbukwe kwamba Torati ilishasema usimchukie Mwedomi, maana ni ndugu yako (Kumbukumbu la Torati 23:7). Obadia anaandika juu ya mtu huyohuyo.

Jirani naye ana lake

Hapa Moabu ina kitu ambacho majirani wenzake wadogo hawana. Mwaka 1868 mmisionari aliyeitwa Klein alionyeshwa jiwe jeusi la basalti huko Dhiban, ndiyo Diboni ya Isaya 15:2. Wazungu wakaanza kuligombania, na mwaka uliofuata wenyeji wakalipasha moto, wakalimwagia maji baridi, likapasuka vipande. Bahati nzuri nakala ya karatasi ilikuwa imeshachukuliwa kwa kulikandamiza, na jiwe lililounganishwa upya liko Louvre, Paris. Lina mistari 34, nalo ni maneno ya Mesha, mfalme wa Moabu, karne ya 9 KK, yule yule wa 2 Wafalme 3.

Mesha anasema Omri mfalme wa Israeli aliionea Moabu siku nyingi kwa sababu Kemoshi, mungu wao, aliikasirikia nchi yake. Soma tena. Taifa limepigwa kwa kuwa mungu wake mwenyewe amekasirika: hivyo ndivyo manabii wa Israeli walivyokuwa wakiwaambia watu wao. Halafu Mesha anajisifu kwamba Kemoshi alimtuma aiteke Nebo, akaua watu 7,000, akavikokota vyombo vya Mungu wa Israeli mbele ya Kemoshi. Diboni, Nebo, Medeba, majina yaleyale ambayo Isaya anayalilia, Mesha anayataja kwa shangwe.

Hili linanisaidia sana ninapofundisha. Kwanza, Moabu si kikaragosi cha kwenye flaneli ya shule ya Jumapili. Walikuwa na mfalme, mwandishi, mungu na madai yao. Pili, linaonyesha lipi lilikuwa la kawaida katika eneo lile na lipi lilikuwa geni. Kumwambia adui kwamba atapigwa lilikuwa jambo la kawaida. Kumlilia ndilo sijaliona kwenye jiwe la Mesha.

Edomu haikutuachia jiwe la aina hiyo. Ipo barua iliyoandikwa kwenye kigae, ikapatikana Tel Aradi, ngome ya Yuda kusini, inayoamuru askari wapelekwe haraka sehemu nyingine Waedomi wasije wakaingia. Mwandishi wake alikuwa afisa mwenye hofu siku za mwisho za ufalme wa Yuda. Kigae hicho kimoja kinaeleza hasira ya Obadia vizuri kuliko kurasa nyingi za ufafanuzi.

"Je, ulitimia?"

Swali hili litakuja, hasa kutoka kwa vijana. Kama ndilo linalowawasha watu wako, Nahumu ni rahisi: Ninawi ilianguka mwaka 612 KK mbele ya Wababeli na Wamedi, na kumbukumbu za Wababeli wenyewe zinasimulia. Kwa kuwa kitabu kinaikumbuka Thebe ya mwaka 663, kiliandikwa baada ya hapo.

Edomu ni hadithi ndefu na yenye kejeli zake. Kwenye mwamba wa as-Sila, Jordan, upo mchongo wa mfalme wa Babeli ambao wataalamu wanauhusisha na Nabonido (556–539 KK), na yaelekea ni jeshi lake lililoumaliza ufalme wa Edomu. Kwa hiyo rafiki aliyekuwa akishangilia Babeli langoni mwa Yerusalemu alikuja kuliwa na Babeli hiyohiyo, na mstari wa 7 wa Obadia, kuhusu washirika wanaokusukuma mpaka mpakani, unasomeka kwa uchungu. Waedomi waliosalia walisogea kusini mwa Yuda, wakaitwa Waidumea. Mwishoni mwa karne ya 2 KK Yohana Hirkano, mtawala wa Wayahudi, aliwalazimisha kutahiriwa na kushika sheria za Kiyahudi. Mlima wa Esau ukamilikiwa, mtu angesema, kama Obadia alivyosema. Ila kutoka kwa Waidumea hao alitoka Herode, na mzao wa Esau akakalia kiti cha enzi Yerusalemu.

Tafadhali pia, ukifundisha Obadia usionyeshe picha ya Hazina ya Petra, lile jengo lililochongwa mwambani huko Jordan, ukisema "hizi ndizo nyumba za Edomu kwenye majabali". Jengo lile la waridi lilichongwa na Wanabatea zaidi ya miaka 500 baadaye. Makazi ya Waedomi yapo, juu ya mlima Umm el-Biyara unaoitazama Petra, ni kuta za mawe za kawaida tu na hazina sura ya kupigia picha.

Kikundi kinachopenda kubishana juu ya utimilifu, kipeleke Ezekieli 26 hadi 28, unabii juu ya Tiro, halafu uwafungulie 29:17–20. Pale Ezekieli mwenyewe anakiri kwamba Nebukadreza na jeshi lake walihangaika na Tiro mpaka vichwa vikapata vipara na mabega yakachunika, na hawakupata ujira, hivyo watapewa Misri. Ni nabii mmoja, kitabu kimoja. Mjadala wake hauna mwisho, nami sitauanzisha hapa.

Mashimo niliyotumbukia

La Obadia nilitumbukia mapema. Mzee mmoja katika kikundi changu cha zamani alikuwa na kesi ya kiwanja na mdogo wake. Tulipofika mstari wa 15, kama ulivyotenda ndivyo utakavyotendwa, alipiga meza akasema "Amina!" kwa sauti ambayo kila mtu alielewa ilikuwa imeelekezwa wapi. Wiki iliyofuata hakuja na kitabu, alikuja na nakala za hukumu ya baraza la ardhi. Obadia ni kitabu kinachoshikika kama panga: ni chepesi, kina mpini mmoja, na mtu aliyeumizwa na nduguye atakishika bila kufundishwa. Msomapo, waulize pia ni lini wao walisimama kando. Usipouliza hilo wiki ya kwanza, wiki ya pili umechelewa.

La Nahumu ni sura ya 3, mistari ya 4 hadi 6, ambapo mji unafananishwa na kahaba anayevuliwa nguo hadharani. Mbele ya wasichana wa sekondari nilijikuta nakohoa. Hakuna namna ya kuipitia sehemu ile kwa haraka, na kuipuuza ni kuwadharau. Kama kikundi chako ni cha vijana na huna muda wa kuizungumza vizuri, chagua kingine.

La Yeremia 48 ni letu wote. Ni mara ngapi umesikia kwenye tangazo la kanisa, wakati wa kuwasukuma wanakwaya wachelewaji au kamati ya ujenzi, kwamba amelaaniwa afanyaye kazi ya Bwana kwa ulegevu? Ni Yeremia 48:10. Nusu ya pili ya mstari uleule inamlaani auzuiaye upanga wake usimwage damu. Kazi inayosemwa pale ni kuichinja Moabu. Nilipoisoma yote kwa sauti, mwalimu wetu wa kwaya alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma mwenyewe kimoyomoyo. "Miaka ishirini," akasema. Tulicheka sana, ila toka siku hiyo mstari ule haujatumika tena kwenye mazoezi.

Amosi hana shimo kama hilo. Yeye mwenyewe ndiye shimo, amelichimba kwa makusudi. Mataifa matatu ya kwanza ni wageni. Edomu, Amoni na Moabu ni ndugu wa ukoo. Kisha Yuda, ndugu wa damu. Msikilizaji wa Israeli kaskazini anaitikia kila mara, mduara unambana bila yeye kujua, na katika 2:6 anaitwa jina lake: anauza maskini kwa jozi ya viatu. Niliwaomba watu wasome kwa kupokezana, kila taifa msomaji wake, wengine wakiitikia "Na wahukumiwe!" Waliitikia kwa furaha mpaka Moabu, kwa Yuda sauti zikapungua, na kwa Israeli hakuna aliyeitikia. Dada mmoja ndiye aliyevunja ukimya: jozi ya kandambili ni shilingi ngapi siku hizi? Kutoka hapo tukaishia kwenye mishahara ya dada wa kazi, nani amelipa na nani anasema mwezi ujao.

Basi uchukue upi

Ukiwa na jioni moja tu, Amosi 1 na 2. Ni mistari 31, inasomeka kwa sauti, na haiwezi kugeuzwa silaha dhidi ya mtu wa nje kwa sababu inamalizikia ndani.

Ukiwa na mwezi mzima na watu wanaoaminiana, Obadia, mistari mitano kwa wiki, Yeremia 49:7–22 pembeni kwa kuwa maneno mengi wanashirikiana, na Mwanzo 33 wiki ya mwisho, pale Esau anapomkimbilia Yakobo na kumkumbatia. Kama katika kikundi kuna ugomvi wa urithi unaoendelea, ahirisha.

Nahumu ni wa watu wanaojua kukandamizwa. Kwa watu wenye maisha laini atakuwa filamu ya vita tu, kwa mjane aliyedhulumiwa na wenye nguvu ni pumzi. Sijawahi kumfundisha na nikahisi nimemaliza. Kisome kitabu chote siku moja, usikikate, na Yona ifuate.

Moabu hakuna anayemchagua. Majina ya miji yanachosha, na hakuna mstari wa kuning'iniza ukutani. Mimi ndiye ninayempigia debe. Soma kwanza Isaya 15 na 16, mistari 23, kwa Biblia ya Union kwa ajili ya mdundo, halafu kwa Habari Njema ili maana ishike. Wiki inayofuata ingia Yeremia 48, ile yenye mistari 47, sawasawa na Nahumu nzima. Mkifika mstari wa 11, Moabu kama divai iliyotulia juu ya mashapo yake bila kumiminwa chombo hadi chombo, wape watu muda, kwa sababu kila mmoja ataona mtu fulani na baadaye atajiona. Weka alama kwenye 48:47, ahadi kwamba Moabu atarudishwa, na kumbukeni kwamba Ruthu aliyemzaa babu yake Daudi alikuwa Mmoabu.

Mama wa birika alisikiliza haya yote, akamimina chai vikombe sita, akasema kama ni msiba basi tuanze na msiba, wenye kuhukumu watasubiri. Tumo Yeremia 48 sasa. Alhamisi ijayo ni zamu ya nyumba yangu, mstari wa 36, na mwalimu wa kwaya ameahidi kuja na filimbi.